Simba wa Tsavo Hawakuua Watu Wengi Kama Daraja Moja

Wasee, leo sina vichekesho. Naanza na kukiri kosa.

Msimu wa mvua uliopita nilirekodi klipu ya sekunde 19 nyuma ya mtaa wetu hapa Voi. Kuna drifti pale, ile barabara ya zege inayokata korongo, na chini yake kuna kalvati. Siku nyingi za mwaka korongo lenyewe ni mchanga na mbuzi tu. Jioni hiyo maji yalikuwa yamepanda juu ya zege, rangi ya chai ya maziwa, na jamaa mmoja wa nduthi akaamua atapita. Alikuwa amebeba gunia la unga. Alipofika katikati pikipiki ikalala ubavu. Unga ukaenda, pikipiki ikaenda, na yeye akashika mzizi wa mti upande wa chini, akabaki ananing'inia hadi wazee wawili wakamvuta kwa kamba. Alipona. Lakini ukiskiza ile klipu kuna mtu anacheka, anacheka kabisa mpaka simu inatikisika. Huyo mtu ni mimi.

Ile klipu ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Nikajiona nimefika. Wiki hiyo hiyo nikamwonyesha babu yangu. Babu alifanya kazi ya gengi ya reli miaka mingi, wale watu wa kutembea juu ya mataruma na nyundo begani wakikagua njia. Aliiangalia mara mbili bila kusema kitu. Halafu akauliza, "Huyu anayecheka ni wewe?"

Nikasema, "Ni mimi, babu."

"Na hiyo kalvati ina matundu mangapi?"

Sikujua. Nimepita pale tangu nikiwa darasa la kwanza na sikuwa najua. Babu akarudisha simu mezani. Akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe umeangalia maji. Ungeangalia tundu."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike hii posti ndefu. Vumilia, kuna historia hapa ambayo shuleni tulipewa nusu yake.

Nusu tuliyopewa

Ukitoka Taita Taveta, ukimwambia mtu umetoka karibu na Tsavo, swali la kwanza ni simba. Kila mtu anajua. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Walileta vibarua kama 32,000 kutoka India. Reli ikapita hapa Voi, ikafika mto Tsavo, na Machi 1898 akaletwa injinia mmoja mwanajeshi, John Henry Patterson, kazi yake ikiwa kujenga daraja la kudumu. Simba dume wawili wasio na manyoya shingoni wakaanza kuvuta watu kutoka kwenye mahema usiku. Vibarua wakatoroka, kazi ikasimama. Desemba 1898 Patterson akawapiga risasi wote wawili. Ngozi zao zikauzwa kwa jumba la makumbusho la Field kule Chicago mwaka 1924, na wako huko mpaka leo wamejazwa, wamesimama ndani ya kioo. Mwaka 1996 Hollywood ikatoa filamu, Val Kilmer akaigiza Patterson. Hata haikupigwa Tsavo, ilipigwa Afrika Kusini.

Patterson mwenyewe baadaye alidai simba wale walikula watu 135. Lakini mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa na nywele za hao simba kujua walikula nini miezi yao ya mwisho. Hesabu yao ilikuja kama watu 35 hivi. Ni wengi bado, na kila mmoja alikuwa na mama yake. Ila shika hiyo namba, 35, kwa muda wa miezi tisa.

Kuna ukurasa mwingine kwenye hicho kitabu cha Patterson ambao watu huruka kwa sababu hauna simba. Mvua zilipokuja, mto Tsavo ulifura. Juu ya mto kulikuwa na vijidaraja viwili vya muda, vya kupitishia vitoroli vya mawe. Mafuriko yaling'oa cha kwanza, kikashuka kikagonga cha pili, vyote viwili vikawa fungu moja la magogo na vyuma likitelemka moja kwa moja kuelekea daraja lenyewe. Patterson amesimama anatazama. Lile fungu likagonga nguzo za mawe. Nguzo zilikuwa zimechongwa mbele zikawa na ncha, kama pua ya mtumbwi, ili maji na takataka zipasuke pembeni. Daraja halikutikisika.

Hapo ndipo injinia alishinda, na hakuna anayejua. Risasi zilimaliza simba wawili. Ile pua ya nguzo ilikuwa imepangwa kwenye karatasi kabla mvua haijanyesha, na mtu aliyeipanga alijiuliza mapema: siku mto ukileta kila kitu, itakuwaje?

Nusu ambayo hatukupewa

Sasa songa mbele miaka tisini na kitu. Reli ni ile ile. Treni ya usiku inatoka Nairobi jioni, abiria wanalala, asubuhi wanaamkia Pwani. Wazazi wenu wanaijua hiyo safari: chai kwenye behewa, madirisha wazi, giza la Tsavo nje, mtoto amelala mapajani.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 1993, hiyo treni ilikuwa inashuka kuelekea Mombasa. Mvua kubwa zilikuwa zimenyesha, na Januari kwa kawaida si mwezi wa mvua huku kwetu. Upande wa Mtito Andei, mpakani mwa mbuga ya Tsavo, kuna mto unaitwa Ngai Ndethya. Mafuriko yalikuwa yameliharibu daraja la reli pale. Dereva hangejua, kwa sababu usiku reli inaonekana ni reli tu. Treni ikaingia. Injini na mabehewa yakaporomoka ndani ya maji. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Simba wawili, miezi tisa, watu kama 35. Daraja moja, usiku mmoja, zaidi ya 100.

Niliuliza marafiki zangu kumi hapa Voi kama wanajua Ngai Ndethya. Mmoja tu alikuwa amesikia, na alidhani ni jina la kanisa. Simlaumu. Jina lenyewe ni la Kikamba na maana yake ni "Mungu nisaidie". Sijui ni msafiri gani wa zamani aliyelisema kwanza akivuka pale, lakini naamini alikuwa ameshaona huo mto ukija. Watu wa kale walikuwa wameandika onyo kwa njia waliyokuwa nayo: waliliweka ndani ya jina. Sisi tulipojenga reli juu yake tukabaki na jina, tukasahau onyo.

Babu alikuwa Voi asubuhi hiyo. Anasema kitu anachokumbuka zaidi ni kungoja. Watu walikuwa stesheni tangu usiku, wamekuja kupokea wageni. Wamama wa chai wameshawasha makaa. Treni kuchelewa haikuwa ajabu, kwa hivyo hakuna aliyeshtuka. Saa moja ikapita. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Halafu wafanyakazi wakaanza kuingia ofisini na kutoka bila kuongea na watu. Babu anasema alijua hapo, kabla ya kuambiwa. "Mtu wa reli akinyamaza," anasema, "jua njia imekatika."

Daraja linaliwa kutoka chini

Ukiona video ya daraja likianguka unafikiria maji yamelisukuma. Mara nyingi sivyo. Maji yanafanya kazi ya panya. Yakifika kwenye nguzo yanajigawa, yanazunguka kwa kasi, na ule mzunguko unachimba mchanga kando ya msingi. Mafuriko moja yanakula kidogo. Mengine yanakula kidogo. Maji yakitulia, mchanga mpya unarudi na kufunika shimo, ukija kuangalia wakati wa kiangazi unaona kila kitu kizuri. Nguzo imesimama juu ya uongo.

Hii si shida ya Afrika peke yake, kabla hujasema "ndio maana sisi". Tarehe 5 Aprili 1987, jimbo la New York, Marekani, daraja la barabara kuu juu ya kijito cha Schoharie lilianguka hivyo hivyo. Mto ulikuwa umefura, mchanga chini ya nguzo ukaliwa, zege ikakosa pa kukalia. Magari yakaendelea kutumbukia kwa sababu madereva hawakuona mbele. Watu 10 walikufa. Baada ya hapo Wamarekani walikaza sheria: misingi iliyo chini ya maji lazima ikaguliwe kwa ratiba, hata kama daraja kwa juu linang'aa.

Sasa weka hiyo fizikia hapa kwetu. Kilele cha Vuria kule Taita kiko mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Voi iko chini ya mita 600. Mvua ikinyesha Wundanyi au Mbololo, maji yanashuka huo mteremko wote kuja kwetu, na inaweza kuwa Voi jua linawaka, nguo ziko kwenye kamba. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na mvua ya kwanza unajifunga juu, maji hayaingii, yanakimbia. Zamani milima ilikuwa na msitu wa kuyashika. Leo msitu wa asili umebaki vipande vidogo, Ngangao, Mbololo, Chawia, na vingine vichache. Maji ambayo yangechelewa njiani siku hizi yanafika haraka, na yanakuja na matope, miti na chupa.

Mto Voi wenyewe unapita mjini, unaingia Tsavo Mashariki, unafika bwawa la Aruba ambalo lilijengwa mwaka 1952. Ukitaka kujua mto unabeba udongo kiasi gani, nenda Aruba. Mto ambao watalii wanaona mchanga mtupu ndio huo huo unaobeba milima yetu kidogo kidogo kuja chini.

Maji ya kilio

Nilipokuwa nasoma hii stori ya Ngai Ndethya nikakutana na nyingine inayofanana nayo hadi nikashtuka. Iko New Zealand, upande mwingine wa dunia.

Usiku wa tarehe 24 Desemba 1953, mkesha wa Krismasi, treni ya abiria ilitoka Wellington kwenda Auckland. Watu 285 ndani, wengi wamebeba zawadi. Juu ya mlima Ruapehu, ambao ni volkano, kulikuwa na ziwa ndani ya shimo la mlima. Ukingo wake ukapasuka, maji na matope na mawe yakashuka mtoni, yakaharibu nguzo za daraja la reli dakika chache tu kabla ya treni. Mtu mmoja aliyekuwa barabarani, Cyril Ellis, karani wa posta, aliona daraja limeharibika, akakimbia kandokando ya reli akipunga tochi. Treni haikuweza kusimama kwa wakati. Watu 151 walikufa. Mahali pale panaitwa Tangiwai, na kwa lugha ya Wamaori maana yake ni maji ya kilio.

Mungu nisaidie. Maji ya kilio. Wenyeji wa sehemu mbili ambao hawakuwahi kukutana walikuwa wamesema kitu kimoja kuhusu mto.

Lakini stori ya Tangiwai ina sehemu ya pili. Watu wa New Zealand hawakuishia kwenye maombi ya kitaifa na mnara wa kumbukumbu. Waliweka vipimo juu ya mto, mbali na daraja, vya kusikiza maji na kutuma onyo kabla hayajafika reli. Wakaongeza vingine miaka iliyofuata. Tarehe 18 Machi 2007 ziwa la Ruapehu likapasuka tena, matope yakashuka mto ule ule. Kengele zikalia, barabara zikafungwa, treni zikasimamishwa. Hakuna aliyekufa.

Mlima haukubadilika. Mto haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu aliajiriwa kusikiza.

Hapo ndipo nilielewa kazi ya babu. Mvua ikinyesha usiku, yeye na wenzake walitoka na taa kutembea njia, kuangalia kokoto zimekaa au zimeliwa, maji yamefika wapi kwenye kalvati. Nilikuwa naona ni kazi ya chini, mtu wa nyundo na koti la mvua. Kumbe yeye ndiye alikuwa kengele.

"Mafuriko ya miaka mia"

Kuna msemo maafisa wanaupenda baada ya kila janga: hii ilikuwa mvua ya mara moja kwa miaka 100. Unasikia hivyo unafikiria, basi sawa, imepita, wajukuu wetu ndio watapambana na inayofuata.

Hapana. Kwa mainjinia, mafuriko ya miaka 100 ni yale yenye nafasi ya asilimia 1 kutokea kila mwaka. Kila mwaka. Yakija mwaka huu, mwakani nafasi ni asilimia 1 tena, haijui kama ilikuja jana. Piga hesabu: ukiishi karibu na mto miaka 30, nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26. Zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne. Na kama kalvati lako limejengwa kwa mafuriko ya miaka 25, ndani ya miaka 25 nafasi ya kuzidiwa ni kama asilimia 64. Hiyo si bahati mbaya. Hiyo ni ratiba, ila haina tarehe.

Tena hesabu hizo zinategemea mvua za zamani zilizopimwa. Kenya imeona mafuriko makubwa mwaka 1961, ikaona El Niño ya 1997 hadi 1998 ikichana barabara nchi nzima, ikaona mvua za mwisho wa 2023 na za Aprili 2024. Joto la dunia linapanda, hewa yenye joto inabeba maji zaidi. Tundu lililotosha enzi za babu linaweza lisitoshe enzi zetu, hata likiwa safi.

Na mara nyingi haliko safi. Tarehe 29 Aprili 2024, usiku, maji yalishuka kutoka Old Kijabe yakafagia nyumba huko Mai Mahiu. Zaidi ya watu 45 walikufa. Mwanzoni kila mtu alisema ni bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikasema ilikuwa njia ya maji chini ya tuta la reli. Ilizibwa na magogo, mawe na udongo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka tuta likashindwa. Soma tena hapo. Tuta la reli liligeuka bwawa bila mtu kukusudia, kwa sababu tundu moja lilizibwa.

Miaka sita kabla, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la kibinafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka likaua watu zaidi ya 40. Na tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya kwenda harusi lilijaribu kuvuka mto Enziu huko Mwingi, maji yakiwa yamepita juu ya daraja la chini. Zaidi ya watu 30 walikufa, na watu waliokuwa ng'ambo waliona kwa macho na simu zao zikarekodi. Niliangalia hiyo video wakati huo. Hata hivyo miaka michache baadaye niko kando ya drifti nacheka.

Kwa hivyo tusidanganyane kwamba hatujui. Hii nchi inajua sana. Inajua kwa wiki mbili, halafu inasahau.

Nitakupa namba tatu uziweke kichwani, maana unaweza kuwa wewe kesho. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kubeba gari dogo. Sentimita 60 zinabeba magari mengi, pamoja na yale makubwa ambayo dereva wake anakuambia "hii ni four by four, tulia". Mtu wa nduthi hana hata nafasi ya mjadala.

Matundu matatu

Asubuhi baada ya ile stori, babu aliniamsha saa kumi na mbili. Tukaenda pale kwenye drifti, maji yakiwa yameisha. Akashuka polepole na fimbo yake, akainama, akachungulia.

"Matatu," akasema. "Mawili yamekufa."

Kweli. Mirija mitatu ya zege. Wa kwanza ulikuwa umejaa mchanga hadi juu. Wa pili ulikuwa na godoro. Godoro nzima, wasee, na chupa za plastiki zimebanwa nyuma yake kama zimepangwa. Wa tatu ndio ulikuwa unapumua. Yaani jioni ile korongo lote lilikuwa linajaribu kupita kwenye theluthi moja ya mlango. Maji yaliyombeba yule jamaa hayakuwa mengi kupita kiasi. Yalikosa pa kupita, yakapanda juu.

Na hilo godoro halikushuka kutoka Wundanyi. Lilitupwa na mtu wa mtaa wetu.

Hapo babu hakunihubiria. Akasema tu kwamba enzi zao kila kalvati la reli lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na mtu. Ukiuliza nani anaangalia namba fulani, kulikuwa na jina. Nikamuuliza hili letu ni la nani. Akacheka kidogo, mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Ndiyo nakuuliza wewe."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa vijana saba. Tuliazima majembe na toroli. Tulitoa godoro, tukajaza magunia kumi na moja ya chupa na karatasi. Mrija wa pili ukafunguka. Ule wa kwanza ulitushinda, mchanga umekuwa mgumu kama tofali, unahitaji mtambo na mtu wa kuulipia. Yule jamaa wa nduthi alikuja. Nilimwomba msamaha mbele ya wengine. Akasema yameisha, akachukua jembe. Pikipiki hakuipata, bado anailipia mkopo.

Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufikiria kijana wa umri wangu anafanya. Niliandika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inasema ofisi ikiombwa ijibu ndani ya siku 21. Nimeuliza maswali manne tu: Hii drifti iko chini ya ofisi gani? Ilikaguliwa mara ya mwisho lini? Ilipangwa kwa mafuriko ya miaka mingapi? Nani anasafisha, na kabla ya mwezi gani? Leo ni siku ya tisa. Nitawaambia jibu likija, na nitawaambia lisipokuja.

Najua kuna mtu atasema hii ni kazi ya serikali, mbona vijana wajichoshe. Ni kazi ya serikali, kweli kabisa, na ndiyo maana nimeandika barua badala ya kuendelea kuchota mchanga kila Jumamosi hadi nizeeke. Kuna mwingine atasema mafuriko ni kazi ya Mungu. Mimi pia naomba. Lakini yule msafiri wa zamani aliyesema "Ngai ndethya" alisema akiwa ukingoni, anaangalia maji, hajavuka. Sisi tunasema tukiwa tayari katikati.

Ile klipu sijaifuta. Nimeiacha na kicheko changu ndani. Chini yake nimeweka picha ya mirija mitatu, asubuhi ile, na fimbo ya babu ikionyesha ule wa katikati.

Kabla mvua za Machi hazijaanza, nenda kwenye drifti ya kwenu. Inama. Hesabu matundu, halafu hesabu yaliyo hai.